Karani wa Nyumba za Leta

Bukavu ina watu wengi na ardhi ndogo. Upande mmoja ni Ziwa Kivu, upande mwingine ni mto Ruzizi na mpaka wa Rwanda, na kilichobaki ni mteremko. Kadutu imeupanda mlima nyumba juu ya nyumba, hata ua wa mmoja unatazamana na bati la mwenzake. Mji wa namna hii haukosi mashauri: mpangaji amedaiwa kodi aliyokwisha kulipa, jirani amesogeza ukuta usiku, mjane ameambiwa na shemeji zake kwamba nyumba si yake, mtumishi amestaafu lakini nyumba ya Leta, yaani ya serikali, haiachii.

Mashauri hayo yakifika kwenye komini, anayeyapokea kwanza ni karani wa ofisi ya nyumba, iitwayo Habitat, yule watu wanayemwita Mama Sekretere au Papa Sekretere. Burugumestri atayasikia baadaye, wakili baadaye zaidi. Karani ana meza, daftari kubwa, kashe yaani muhuri, na benchi la wageni. Makala haya ni ya kumsifu. Sitamsifu kwa upole, maana wako wasio wapole. Namsifu kwa ufundi wake: anatengeneza karatasi itakayosema kweli siku ambayo yeye hayupo, shefu wake amehamishwa, na walioitia sahihi wamekwisha kufa.

Kazi hii haikuanza jana. Mji ulipokuwa ungali ukiitwa Costermansville, utawala wa Kibelgiji ulitenga watu kwa makazi: Wazungu kwenye rasi za ziwani, Wakongomani milimani. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni iliunda Office des Cités Africaines, OCA, shirika la kujenga nyumba za Waafrika mijini, na Bukavu ilikuwa mojawapo ya miji iliyopata nyumba zake. Nyumba zikijengwa kwa mamia kwa ramani moja, hazitambulikani kwa sura. Kila moja ikapewa namba, namba ikapewa fishi, fishi ikaandikwa jina la mkaaji na malipo yake. Mwashi alipoondoka, karani ndiye aliyebaki na mtaa.

Uhuru ulikuja mwaka 1960, na baada yake sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, inayotamka kwamba udongo wote ni mali ya Leta peke yake na hauuzwi. Raia hupewa haki ya kuutumia, iitwayo konsesioni. Ndiyo maana nchini Kongo hata mwenye ghorofa tatu bado, kwa namna fulani, ni mgeni wa faili. Ofisi za ardhi zimegawana kazi: kadasta hupima na kupanda mipaka, konservateri wa hati hutoa cheti cha uandikishaji, kwa nakala mbili, moja ikibaki katika kitabu cha ofisi na nyingine ikienda kwa mwenye haki. Habitat hushughulika na nyumba yenyewe: ruhusa ya kujenga, kontra za kupanga, ugomvi wa mwenye nyumba na mpangaji, na orodha ya nyumba za Leta zinazokaliwa na watumishi wake. Katika ofisi zote hizo, ukiondoa aliyeshika kamba ya kupimia, kazi kubwa inafanyika mezani.

Tuikaribie meza hiyo. Mtu ameingia na barua. Karani asiyejua kazi ataipokea, ataiweka juu ya rundo, atasema, "Papa, utarudi kesho." Fundi hafanyi hivyo. Kwanza anaisoma yote, mpaka chini, kuona kama ina tarehe, kama ina sahihi, na kama viambatisho vilivyotajwa vimo kweli. Barua ikisema "naambatisha risiti tatu" na risiti ni mbili, anasema hapo hapo, mbele ya mwenyewe, na mwenyewe anasahihisha kwa mkono wake. Kisha anafungua indikateri, daftari la kuingiza barua. Anaandika namba ya mfululizo, tarehe iliyoingia, tarehe iliyo kwenye barua, jina la aliyeileta, kiini cha barua kwa mstari mmoja, idadi ya viambatisho. Namba ile ile anaiandika juu ya barua, na anaiandika tena kwenye kopi ya mwenye barua, anapiga kashe, anatia sahihi. Kopi hiyo ndiyo akize. Mwenye nayo akienda mahakamani miaka mingi baadaye, hakimu ataona kwamba Leta iliambiwa, na iliambiwa siku gani.

Penye ule mstari mmoja wa kiini ndipo utamtambua fundi. Karani mvivu huandika "barua ya nyumba". Barua zote zinazoingia ofisi hiyo ni za nyumba! Fundi huandika: "Malalamiko ya mpangaji, parseli namba fulani, avenyu fulani, garanti haijarudishwa." Maneno machache, na kila neno litatumika siku ya kutafuta. Halafu angalia namba zinavyofuatana. Katika daftari zuri hakuna mstari ulioachwa wazi, maana mstari ulioachwa wazi leo ni mlango wa kuingiza barua ya uongo kesho. Akikosea, hafuti kwa wino mweupe. Anapiga mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke, anaandika lililo sahihi pembeni, anatia sahihi ndogo. Mwisho wa mwaka anafunga daftari kwa mstari wa mlalo, na shefu anatia sahihi chini yake. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Wangeliona daftari lenye mistari ya akiba, wangeongeza kwamba daftari bovu huimaliza mali huku likitoa habari za uongo.

Tuchukue shauri la kawaida. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya kodi za nyumba za makazi inasema garanti, yaani fedha ya dhamana, isizidi kodi ya miezi mitatu. Anayetafuta nyumba Bukavu anajua kwamba wenye nyumba wengi hutaka zaidi, na kwamba kurudishiwa fedha hizo siku ya kuhama ni vita. Pande mbili zinaitwa ofisini kupatanishwa kabla ya kufikishana mahakamani. Mpangaji anazungumza Kiswahili, mwenye nyumba anaingiza Kimashi hasira ikipanda, na karatasi itaandikwa kwa Kifaransa, lugha ya ofisi. Karani ameketi katikati ya lugha tatu, kalamu mkononi.

Mpangaji, mama mwenye mtoto mgongoni, anasema, "Alinifukuza." Karani haandiki bado. Anauliza, "Mama, alikwambia utoke, ama alikutoa yeye mwenyewe?" Anajibu, "Aliniambia nitoke mwisho wa mwezi, kisha nikarudi kutoka sokoni nikakuta kufuli jipya." Hapo sasa kalamu inashuka. Kuambiwa utoke ni jambo moja mbele ya sheria, na kufungiwa kufuli vitu vyako vikiwa ndani ni jambo jingine kabisa. Maswali yanaendelea: kufuli liliwekwa siku gani, nani aliona, vitu gani vilikuwa ndani. Mwenye nyumba naye anasikilizwa, na anaulizwa kwa sauti ile ile. Akisema "huyu mama ni mwongo", karani anaandika kwamba anakana, na tusi linabaki hewani lilikotamkwa. Akimaliza, anausoma ukurasa wote kwa Kiswahili, polepole, na kwa Kimashi anapohitajika, kabla ya yeyote kutia sahihi au kidole. Karatasi hiyo, iitwayo peve, inatoka kwa nakala tatu: kila upande na yake, na moja inabaki kwenye farde, yaani jalada la ofisi.

Nasisitiza kule kusoma kwa sauti. Hakuna bosi atakayemhesabia karani dakika hizo kama kazi. Lakini pale ndipo asiyejua Kifaransa anapokuwa mwenye karatasi yake. Amri nyingi zimewapata watu wa mji huu kwa maandishi wasiyoyaelewa. Karani anayesoma kabla ya kusainisha anafanya haki bila kupandisha sauti.

Kwenye nyumba za Leta zenyewe, ufundi unaonekana zaidi katika peve ya hali ya nyumba, ile inayoandikwa mtumishi anapokabidhiwa funguo na anapozirudisha. Nimeona za aina mbili. Ya kwanza inasema "nyumba iko katika hali nzuri", basi. Ya pili inakwenda chumba kwa chumba: sebuleni vioo kumi na viwili, kimoja kimepasuka kona ya chini, mlango wa jikoni unafunga, funguo mbili, bomba la uani linavuja, dari ya chumba cha pili ina doa la maji upande wa mashariki. Atakayeisoma peve ya pili baada ya miaka kumi ataiona nyumba. Atajua pia kama mlango wa mninga uliondoka na nani. Malalamiko ya nyumba za Leta zilizogeuka kuwa za watu binafsi ni ya siku nyingi katika miji ya Kongo, na njia yake ni ile ile: orodha inazeeka, fishi inapotea, mkaaji anakaa mpaka anasahaulika kama mkaaji, halafu anaonekana na hati. Fishi ikiwepo, yenye tarehe ya kuingia na matrikile, yaani namba ya utumishi, ya mkaaji, hiyo njia inakuwa nyembamba sana.

Kuandika vizuri hakutoshi kama kitu hakipatikani. Ofisi ya watu wasiojua hupanga farde kwa majina. Bukavu ina akina Mugisho, Bahati na Furaha wasiohesabika. Panga kwa majina na baada ya miaka michache umejenga msitu. Fundi hupanga kwa mahali: komini, mtaa, avenyu, namba ya parseli. Watu huoa, huhama, hufa na kubadilisha majina, na parseli inabaki pale pale. Ndani ya farde karatasi ya zamani iko chini na mpya iko juu, kila moja na namba yake ya indikateri, na kwenye jalada la ndani kuna orodha ya vilivyomo. Farde ikichukuliwa na shefu, mahali pake panawekwa kikaratasi: imekwenda kwa nani, siku gani. Hilo peke yake huokoa asubuhi nzima za kutafutana.

Kisha kuna hali ya hewa na umeme. Mvua za Bukavu huanza Septemba na huendelea hadi Mei, na unyevu unapenda karatasi kama mchwa anavyopenda mbao. Makarani wanaojua hawasogezi kabati hadi ukutani, hawaweki farde sakafuni, na siku ya jua hufungua madirisha. Umeme ukikatika, kompyuta inalala na daftari linaendelea. Wengi huandika barua kwa mkono kwanza, kisha huipeleka kuchapwa nje, kwenye vibanda vya kompyuta. Ndiyo maana hati nzuri ya mkono bado ina thamani huko, na karani mwenye mwandiko unaosomeka anajulikana ofisi hadi ofisi.

Sasa tufike kwenye madaraja, maana hapo ndipo sifa zinapogeuka kuwa hoja. Utumishi wa Leta nchini Kongo unaongozwa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016 juu ya watumishi wa kudumu, iliyochukua mahali pa ile ya mwaka 1981. Ngazi zake ni nyingi. Katika mkoa, juu yuko shefu wa divisheni, chini yake shefu wa biro. Wanafuata maatashe wa utawala wa daraja la kwanza na la pili, kisha maajenti wa utawala wa daraja la kwanza na la pili, kisha maajenti wasaidizi nao wa madaraja mawili, na mwisho wisye, anayebeba barua na kufungua milango. Mtu huingia ngazi fulani kwa diploma yake: mwenye lisansi huanza kama atashe wa daraja la kwanza, mwenye graduati daraja la pili, mwenye diploma ya Leta ya sekondari huanza kama ajenti. Kila mwaka shefu humpa kila mmoja kotasioni, yaani alama ya kazi yake, kuanzia Elite hadi Médiocre. Kupanda ngazi kunadai miaka, kotasioni nzuri, na nafasi iliyo wazi.

Huo ni mpangilio wenye akili. Unamlinda mtumishi dhidi ya shefu anayetaka kumpandisha mpwa wake, angalau kwenye karatasi. Kasoro yake ni kwamba mezani pa Habitat haupimi kinachofanyika. Karani aliyepanga farde za mtaa mzima kwa parseli, na karani aliyeziacha kwenye katoni, wakiwa na diploma moja na miaka sawa, wanasimama ngazi moja. Kibaya zaidi, wako wanaofanya kazi hiyo bila ngazi yoyote inayolipwa. Huitwa NU, yaani vitengo vipya: wana barua ya kuajiriwa, pengine wana meza, lakini hawajamekanizwa, majina yao hayajaingia kwenye orodha ya mishahara. Wengine husubiri miaka. Tangu mwaka 2011 serikali ilipoanza kulipa watumishi kupitia benki, aliyemekanizwa ana akaunti. NU ana subira, na mkewe ana meza ya mboga sokoni inayolisha nyumba.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika wamechagua kipimo kingine. Nchini Tanzania, kwa miaka mingi, matangazo ya kazi ya Katibu Mahsusi Daraja la Tatu yalimtaka mwombaji awe amemaliza kidato cha nne na kufaulu hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza, maneno 100 kwa dakika moja, pamoja na kompyuta. Masjala nayo ina watu wake, wasaidizi wa kumbukumbu, wenye ngazi zao. Faida ya mpango huo ni wazi: unakiri kwamba kutunza faili ni taaluma ya peke yake, na unaupima mkono pamoja na cheti. Hata hivyo, kasi nayo haimalizi habari. Yule mama mwenye mtoto mgongoni hakuhitaji maneno 100 kwa dakika. Alihitaji swali moja lililoulizwa kabla ya kalamu kushuka.

Nani basi atampima karani huyu? Historia ya Bukavu imempima mara nyingi, na kwa ukatili. Mwaka 1967 mamluki wa Jean Schramme waliushika mji kuanzia Agosti hadi Novemba. Mwishoni mwa Oktoba 1996 walikuja waasi wa AFDL. Agosti 1998 ukaanza uasi wa RCD, uliotawala mji kwa miaka. Juni 2004 askari waasi wa Laurent Nkunda na Jules Mutebutsi waliuteka mji na kupora. Katikati ya Februari 2025 ikawa zamu ya waasi wa M23. Kila mara tawala zikibadilika, kashe mpya huchongwa, vigogo wapya huingia ofisini, na nyumba za waliokimbia huanza kutazamwa kwa jicho la tamaa. Kila mara mwenye nyumba hurudi akiwa na bahasha ya nailoni iliyofungwa mara tatu, na ndani yake akize, kontra, peve. Thamani ya vilivyo ndani ya bahasha inategemea jambo moja: kama nakala ya ofisi, aliyoiandika karani fulani siku ya kawaida isiyo na habari, inasema vile vile.

Sitaki nionekane kama sijui upande wa pili. Ofisi za nyumba na ardhi zina jina baya, na halikuja bure. Parseli moja kupewa watu wawili, ukurasa kuchomolewa, farde "kupotea" na kuonekana tena baada ya matabishi, yaani hongo: mambo hayo yapo, na mengi hayawezekani bila mkono wa karani. Ndiyo sababu hasa ninawasifu wanaokataa. Mtu ambaye hajamekanizwa, ambaye watoto wake wamerudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa kukosa ada, amekaa na daftari ambalo mstari wake mmoja unaweza kuuzwa kwa fedha nyingi kuliko atakazopata mwaka mzima. Anaandika namba inayofuata, anapiga kashe, anaita mwingine. Ustadi wa mkono bila uaminifu huo ungekuwa hatari tu, kwa sababu hakuna anayeghushi vizuri kuliko anayejua kuandika vizuri.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanaogawa madaraja, Bukavu na kwingineko. Mkitaka kumpa karani wa nyumba kotasioni ya kweli, msianzie kwenye diploma. Ingieni ofisini mwake bila taarifa, tajeni parseli moja, mhesabu dakika anazotumia kuileta farde. Fungueni indikateri katikati, mtazame kama kuna mistari mitupu. Chukueni peve moja, mwulize aliyetia kidole kama alisomewa. Akifaulu hayo matatu, mpeni Elite yake, na kama ni NU, mwingizeni kwenye orodha ya mishahara.

Na wewe msomaji, ukienda ofisi ya nyumba, usitoke bila namba ya indikateri kwenye kopi yako, na tarehe, na kashe. Ni haki yako, hailipiwi matabishi. Karani akikuandikia bila kuombwa, mwambie aksanti, na ulikumbuke jina lake.